Mwenza Aliyeandikwa Kwenye Bima

Haya jamani, mliokalia mkeka na nyie mliokalia ndoo, leteni masikio hapa! Na wewe uliyeshika simu, iweke chini, haitakimbia. Leo nawasimulia jinsi bima ya afya ilivyotaka kunivunjia ndoa. Ndiyo, bima. Mnacheka? Chekeni tu, akiba ya kicheko mnayo, mbele huko mtaihitaji.

Kwanza niseme mapema, nisije nikasemwa nikiondoka. Mimi nina wivu. Wenzangu wana presha, wengine wana kisukari, mimi nina wivu, na sijawahi kupona. Mama yangu alikuwa anasema siku niliyozaliwa nilimtazama mtoto wa kitanda cha pili, nikanuna, kwa sababu yeye alikuwa na nywele. Wivu wangu ukiuingiza kwenye bani la kukaushia tumbaku, utakausha tumbaku ya Urambo nzima bila kuni hata moja, na wakulima watabaki wanashangaa moto umetoka wapi.

Sasa, hapa kwetu Itetemia nina jirani. Tumetenganishwa na ua wa minyaa, ua wenyewe mfupi, kila kitu kinaonekana. Akipika nyama naona. Akishona gauni naona. Alimaliza darasa la saba, mimi darasa nililiona kwa nje nikienda kuchunga. Kwa hiyo kila barua ikija mtaani anaisoma yeye, kwa sauti, na mkono kiunoni, kana kwamba ameiandika. Mume wake na mume wangu wanafanya kazi moja, wanarina asali. Kila mwaka wanapanda lori wanaingia msituni mbali kule upande wa Urambo, wanapiga kambi, wanakaa wiki nane, wanakwea miti kuifuata mizinga. Wakirudi wananuka moshi mpaka mbwa hawawatambui.

Mwaka juzi mume wangu alianguka. Mti wenyewe, jamani, si mti. Ni mrefu, ukiwa juu unaiona Kigoma, ukiangalia vizuri unaona mpaka wanachokula. Nyuki wakamchachamalia, akaachia tawi, akaja chini. Anasema alianguka muda mrefu mpaka akaanza kuzoea. Wenzake walimfunga kwenye baiskeli, wakamsukuma kutwa nzima. Mguu ulivimba ukawa na ukubwa wa mtoto wa darasa la pili. Kufika hospitali, swali la kwanza dirishani, "Ana kadi?" Kadi hana. Basi mbuzi wangu wanne walitembea kwa miguu yao wenyewe mpaka mnadani, kwenda kulipia mguu wa mtu mwingine. Mmoja aligeuka akanitazama. Mpaka leo sijasahau yale macho.

Kwa hiyo mwaka huu, walipoanza kuandaa kamba na ndoo, nilisimama mlangoni nikamwambia, "Baba, hupandi mti bila bima. Ukipanda bila bima, usishuke."

Akacheka. Akasema, "Bima ya mwaka mzima ya nini? Mimi porini nakaa wiki nane tu."

"Zipo za muda mfupi. Miezi mitatu. Za dharura."

"Nani kakwambia?"

"Redio."

Redio huwa habishani nayo. Lori lilikuwa linaondoka Jumamosi asubuhi, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikajisemea, mwanamke, una siku tano kumtafutia mtu wako kadi itakayofunguliwa mlango, siyo kadi ya kuringia.

Nilianza vizuri, nataka mlijue hilo. Nilikwenda zahanati kwa sista, yule mtawa muuguzi anayechoma sindano huku anakuuliza habari za shamba. Nikamwuliza bima ya kweli inajulikanaje. Akasema, "Mama, usiangalie kadi inavyong'aa. Muuzaji muulize hospitali ipi ya karibu na kambi inaipokea. Muulize inaanza kufanya kazi lini, leo au mwezi ujao. Na muulize kitu gani hailipii. Hapo ndipo wanaponong'ona. Halafu usimwamini hata akijibu, nenda dirishani pale hospitali ukawaulize wao."

Sasa mimi siandiki. Nilichukua pindo la khanga yangu nikapiga fundo la kwanza, wapi. Fundo la pili, lini. Fundo la tatu, nini hailipii. Nikaondoka na maswali yangu yananing'inia. Nimewahi kupeleka mahari nzima kichwani kwa njia hiyo, ng'ombe kwa ng'ombe, sikukosea hata ndama.

Ningeendelea hivyo ningemaliza mambo siku ile ile. Lakini kesho yake nikaenda bombani.

Nafika, nawakuta wanawake wamesahau ndoo zao, maji yanamwagika. Wamemzunguka jirani yangu. Shingoni ana utepe mwekundu, na kwenye utepe inaning'inia kadi. Ya dhahabu! Inawaka! Jua likiipiga, kuku wa mtaa wa pili wanawika. Amevaa kadi ya bima kuja kuchota maji, mnanielewa? Mtu kabeba ndoo kichwani, kadi kifuani, anatembea taratibu ili isipate baridi.

"Karibu, jirani," akaniambia. "Umeiona? Ya miezi mitatu. Yangu na ya baba. Inalipia kila kitu. Mpaka helikopta."

"Helikopta?"

"Mtu akiumia porini, wanamfuata kwa ndege."

Wale wanawake wakasema aaah! Mimi moyo ukaruka, ukatoka, ukaenda kukaa pale kwenye ile kadi. Wivu ulinipanda kuanzia kwenye ndala. Nilisahau sista, nilisahau mafundo, nilisahau mpaka ndoo yangu, niliikuta jioni. Nilichotaka ni kimoja tu, kadi ya dhahabu, na utepe wangu uwe mrefu kuliko wake.

"Na wewe utapata," akasema, huku anaifuta kwa kidole. "Muuzaji anakuja kwangu saa nne. Ila jirani, sijui kama zimebaki."

Sijui kama zimebaki! Mliona sindano hiyo? Sista mwenyewe hachomi hivyo.

Saa nne ilinikuta uani kwa jirani nimeshakaa. Muuzaji akaja, kijana mtanashati, tai mpaka kitovuni, begi la mgongoni, viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilivisubiri kwa hamu. "Shikamooni," akasema. Tukamwitikia marahaba. Akaanza kuongea, na maneno yake yalikuwa yamepangwa kama chupa za soda kwenye kreti. Usalama wa familia, amani ya moyo, huduma bora. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuomba kalamu ya kuwekea dole gumba, maana sikujua kama dole gumba halitumii kalamu. Ndipo nikamwuliza, kwa heshima tu, "Mwenzetu kwenu wapi?"

"Kisarawe, mama. Mimi Mzaramo."

Mzaramo! Jamani, mimi Mnyamwezi halafu naletewa Mzaramo mlangoni, mtani wangu kabisa, wa tangu enzi za misafara! Si mnajua? Mtani humkasirikii, na yeye hakukasirikii, hata umtukane babu yake. Nilifurahi mpaka wivu ukapungua kidogo, na akili ikapata pa kupita.

Nikamwambia, "Ahaa! Babu zako walikaa njiani wanamtoza hongo kila Mnyamwezi aliyepita na pembe kichwani. Leo umekuja mpaka Tabora kuchukua iliyobaki?"

Kijana akaangua kicheko. Tai ikapanda begani. "Mtani, babu yako alifika kwetu na mzigo kichwani hajui hata bahari ni nini, akaionja akidhani ni supu!"

"Na chumvi ikawa imezidi, kama uongo wako! Sasa nijibu, mla nazi wewe. Mume wangu akiumia msituni kule Urambo, kadi yako inapokelewa hospitali gani ya karibu?"

"Nchi nzima, mtani."

"Nchi nzima ni kubwa, mguu uliovunjika hauizunguki. Nitajie moja."

Akafungua simu yake. Akatelezesha kidole juu. Akatelezesha chini. Akataja moja ya Dar es Salaam. Akataja moja ya Mwanza. Akataja ya tatu, ya Dar es Salaam tena, ila mtaa mwingine.

"Na helikopta?"

"Ipo."

"Itatua wapi, juu ya mzinga?"

Jirani akakohoa. "Jirani, usimsumbue mgeni."

"Siyo mgeni huyu, ni mali yangu. Haya mtani, kadi inaanza kufanya kazi lini?"

"Baada ya siku thelathini."

"Lori linaondoka Jumamosi. Yaani mume wangu akae chini ya mti mwezi mzima anawaomba nyuki wasubiri? Na kitu gani hailipii?"

Hapo akashusha sauti. Sista alisema. Akashusha mpaka tukasogeza viti. "Kazi za hatari, mtani."

"Kupanda mti imo?"

Akanitazama. Akamtazama jirani. Akaiweka simu mfukoni, akalegeza tai. Akasema, "Mtani, mteja mwingine ningemzungusha. Wewe siwezi, nikifa ni nyie mtakaokuja kunizomea msibani. Kadi hii ni halali, na kampuni ipo. Lakini ni ya watu wa maofisini, wanaoanguka kwenye kiti. Mtu wa kuanguka mtini haimfai."

Hapo mtu mwenye akili timamu angeshukuru, angekwenda zake. Mimi? Nilishukuru, ndiyo, nikamfungia michembe ya viazi ale njiani. Lakini moyoni bado niliitaka ile kadi! Nilikuwa najua haifai, najua kabisa, na bado naitaka, kwa sababu ilikuwa inawaka kwenye shingo ya mwenzangu na yangu ilikuwa na jasho tu. Nilimwuliza yule kijana kama anauza utepe peke yake. Akasema hapana.

Alipoondoka jirani akaniambia, "Umemtia ubaya kijana wa watu kwa wivu wako tu."

"Umemsikia mwenyewe! Mume wako akianguka, hiyo kadi utampepea nayo nzi."

"Wivu, jirani. Wivu unakusumbua."

Na alikuwa amesema kweli, hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilikuwa sahihi na nilikuwa na wivu, vyote kwa pamoja. Akaivaa kadi yake, akaingia ndani, na mlango wake siku hiyo ulifungwa kwa sauti ya watu waliomaliza la saba.

Jumatano nikaenda hospitali, kwenye dirisha. Foleni ilikuwa ndefu, ilianzia dirishani ikaishia karibu na Nzega. Nilipofika nikamwambia yule dada, "Sijaja kutibiwa, nimekuja kuuliza mnapokea kadi za nani mtu akiletwa kwa dharura, hapa na kule Urambo." Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi ananunua soksi. Akasema, "Mama, watu huwa wanakuja kuuliza wakishavunjika." Akanisomea karatasi ya ukutani. Ya dhahabu haikuwemo. Ilikuwemo moja, ofisi yake ipo hapa hapa mjini, jirani na wauza vitenge. "Hawa wana ya miezi mitatu," akasema. "Ajali inaanza kulipiwa siku hiyo hiyo. Magonjwa ndiyo yanasubiri."

Nikauliza kuhusu miti. Akampigia mtu simu. Akasema miti imo.

Jamani, nilifungua mafundo yote matatu ya khanga pale pale kwa meno. Nikaruka mpaka ofisini, sikumbuki kama nilikanyaga chini. Ofisi yenyewe haikuwa na ung'avu wowote. Feni inazunguka kwa kusuasua, kadi zao zina rangi ya majivu, kadi mbaya, kadi isiyovalika. Mezani alikaa binti wa miwani, mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka bima ya miezi mitatu ya huyu mzee." Nikampa kivuli cha kitambulisho cha mume wangu, nilichokitoa kwenye kopo la sukari.

"Wewe ni nani yake?"

Sasa mimi na mdomo wangu wa mzaha. Badala ya kusema mke, nikasema, "Mimi ndiye ninayemfulia na kumpikia." Nikacheka mwenyewe. Binti hakucheka. Akaandika namba kwenye kompyuta, akasubiri, akasoma.

"Mama, huyu mzee tayari yumo. Amelipia juzi, Jumatatu. Yeye na mwenza wake."

"Yeye na nani?"

"Na mwenza wake."

Ndugu zangu. Ile feni ilisimama. Mji wote wa Tabora ulisimama, mpaka treni. Mwenza! Mimi tangu nikiwa binti, mwenza ninayemjua ni mmoja tu, mke mwenza. Mwanamke wa pili. Yule mnayegawana naye chumvi, siku na mume. Nilikaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo, nikaja kukikuta nikiwa nimeshakaa chini.

"Huyo mwenza anaitwa nani?"

"Mama, hayo ni ya mteja, siwezi kumwambia msichana wa kazi. Labda ulete kitambulisho chako."

Msichana wa kazi! Mimi, mwenye wajukuu! Lakini nani wa kumlaumu, si mdomo wangu mwenyewe? Kitambulisho kilikuwa nyumbani, ndani ya kopo lile lile. Nikasimama. "Na huyo mwenza naye analipiwa?"

"Analipiwa kila kitu, sawasawa na mzee."

Sawasawa na mzee!

Nilipanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nahesabu wanawake. Nilianza na mama mmoja wa Goweko anayenunua nta, ana mwanya, anacheka ovyo. Nikaja kwa yule mnunuzi wa asali wa Urambo, mwenye jino la dhahabu, anayemwita mume wangu "mzee wa utamu". Utamu gani? Wa ndoo au wa nani? Nikakumbuka juzi Jumatatu amenyoa ndevu. Ndevu ambazo hazikunyolewa hata kwenye harusi ya binti yetu! Akasema zinamwasha. Nilikuwa nachemka mpaka dereva akaniuliza, "Mama, mbona mgongo wangu unaungua?"

Na nisikilizeni kilichoniuma kuliko vyote. Siyo mwanamke tu. Mwanamke ningemshughulikia, mikono ninayo. Kilichoniuma ni bima. Mimi ndiye niliyekwenda kwa sista. Mimi ndiye niliyepiga mafundo. Mimi ndiye niliyekaa kwenye foleni ya kutoka Nzega. Halafu akianguka mtini, mtu wa kukaa kitandani pembeni yake na kadi mkononi ni mwingine! Na akiumwa yeye, huyo kipenzi, anatibiwa bure, na mimi niendelee kuchuma majani ya dawa! Niliiona kabisa ile kadi mbaya ya majivu kifuani kwake, na ikapendeza kuliko ya dhahabu.

Nikashukia kwa jirani, maana ndiko walikokuwa wanafungia mizigo. Mume wangu amechuchumaa anasuka kamba. Mume wa jirani anahesabu ndoo. Jirani anapepeta mchele, kadi yake shingoni. Sikusalimia. Nilisimama katikati ya ua, nikafunga khanga kiunoni kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi.

"Baba! Mwenza ni nani?"

Mume wangu akainua uso. Akatabasamu! Mtu hana haya, anatabasamu. "Aa, umeshajua? Nilitaka nikwambie Ijumaa, kadi zikitoka."

"Ungeniambia Ijumaa! Kumbe kweli! Umemwandika?"

"Nimemwandika. Ningeachaje? Nikiondoka wiki nane, akiumwa huku nyuma nani atamtibia?"

"Unamhurumia sana!"

"Namhurumia ndiyo. Amehangaika na mimi miaka mingi."

Miaka mingi! Mume wa jirani akaacha kuhesabu ndoo, akaanza kurudi nyuma taratibu. Jirani yeye alisogea mbele. Mchele umeachwa, kuku wanakula, hajali.

"Miaka mingi na mimi sijui!" nikapiga kelele. "Anaishi wapi? Goweko au Urambo?"

"Anaishi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu!" akasema, na sasa ameanza kushangaa. "Unaumwa?"

"Hata nikiumwa nitatibiwa na nani? Si umemwandika mwenza? Haya nenda naye porini! Akakushikie ngazi! Nyuki wakikufuata, wamfuate na yeye, na wamwanzie mdomoni!" Nikaokota kamba yake nikaitupa juu ya paa. Nikaokota ndoo, nikakuta ni ya jirani, nikairudisha kwa adabu, nikatafuta ya kwetu, nikaitupa.

"Shemeji," jirani akamwambia mume wangu kwa sauti ya kifahari, "kama umeongeza mke ungesema tu. Siyo vizuri."

"Mke gani?" mume wangu akasema. "Jamani, mke gani? Mimi huyu mmoja ananimaliza, wa pili nitamweka kwenye mwili gani?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, ina mhuri. "Nilikwenda hospitali Jumatatu kuangaliwa mguu, dada wa dirishani akanielekeza. Nikaona nisikwambie, maana nikikwambia, Itetemia nzima itajua kabla sijaweka saini. Nikanyoa, maana wanapiga picha. Haya, karatasi hii. Msome."

Msome! Mimi? Jirani akainyakua. Kusoma ni kazi yake, mkono kiunoni, akasafisha koo. Akasoma, "Bima ya miezi mitatu. Ajali na dharura." Akameza mate, nilimwona. "Kuanguka kutoka urefuni, imo. Hospitali za Tabora na Urambo, zimo." Mkono ukamwendea shingoni kwenye kadi ya dhahabu, akaigeuza ikatazama ndani. "Mwanachama," akamtaja mume wangu. "Mwenza..."

Akaisogeza karatasi machoni. Akanitazama mimi, akatazama karatasi.

"Soma!" nikamwambia. "Usinifiche, taja!"

Hakutaja. Alinisogezea karatasi, akaweka kidole. Sasa mimi kusoma sijui, lakini jina langu nalijua kwa umbo lake, kama unavyomjua ng'ombe wako kwenye kundi. Ile herufi ya mwanzo yenye kitambi, ile ya katikati inayonyoosha shingo, ile ya mwisho iliyojikunja kama paka. Nilitazama mara ya kwanza. Nikatazama mara ya pili. Nikamtafuta mwanamke wa Goweko pale, sikumwona.

"Hiyo mwenza," mume wangu akasema polepole, kama anaongea na nyuki, "kwa watu wa bima ni mke. Mke tu. Mume wa mtu au mke wa mtu. Ni wewe."

Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Itetemia ni ngumu kiangazi. Kamba iko juu ya paa, ndoo imepasuka, mume wa jirani amefika mpaka barabarani kwa kurudi nyuma. Na mimi nimesimama pale, nimemtukana mwanamke njia nzima, nimemwombea nyuki wa mdomo, kumbe najiombea mwenyewe. Nikasema la kwanza lililonijia, ili nisionekane mjinga, "Hata hivyo wangeniuliza mimi mke mkubwa kabla ya kumwandika huyo mwenza."

Jirani yangu alikunja karatasi vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Akavua kadi ya dhahabu shingoni, akaiweka kwenye ungo juu ya mchele, akamwita mume wake huko barabarani kwamba kesho asubuhi, kabla lori halijaondoka, wanakwenda kwenye ile ofisi jirani na wauza vitenge. Halafu akanigeukia. Uso ulikuwa unatetemeka, mashavu yamejaa, amebana kicheko mpaka machozi yanatoka, na hakuweza tena, kikamtoka mbele ya kila mtu:

"Sasa mwenzangu, mke mkubwa ni wewe na mke mwenza ni wewe, hizo zamu mtapangiana vipi?"